Kusubiri Risasi ya Pili

Mama yangu huniita kiguu na njia, na hanisingizii. Tangu utotoni sijui kukaa. Nikipewa kiti nakikalia upande, nikipewa chai naimaliza nimesimama. Ndiyo maana watu hucheka wakiambiwa kazi yangu, kwa kuwa kazi yangu yote ni kulala kifudifudi bila kutikisika. Mimi ni mpiga shabaha wa ofisi moja ya wanyamapori hapa Bujumbura. Mnyama akiua mtu, na karatasi zote zikatiwa saini, naitwa mimi, Ilyas, mtoto wa marehemu Sleiman muuza misumari. Nyuma ya bunduki ninatulia. Kwingine kote mwili unaniwasha.

Mwezi wa tatu kiboko dume aliua mtu katika bustani za mchicha, lengalenga kwa lugha ya huku, kando ya ziwa, karibu na pale mto Ntahangwa unapoingia. Aliyekufa aliitwa Divin, Mkongomani wa Uvira aliyekimbilia huku na mkewe Nsimire na watoto wanne. Baada ya maziko bustani zikafungwa kwa kamba, na wanawake waliokuwa wakizilima wakabaki kuzitazama mboga zao kwa mbali, zikikomaa mpaka zikatoa mbegu.

Nsimire hakwenda ofisini kulalamika. Alikuja kwenye kenkayeri yetu, duka la vifaa vya ujenzi ambalo dada yangu Sumaya analiendesha tangu baba atutoke. Kila asubuhi alifika, akasalimia, akageuza ndoo tupu mlangoni na kuikalia. Hakusema neno. Saa nne ilipofika aliirudisha ndoo mahali pake, akaaga, akaenda zake. Siku tisa mfululizo. Angenitukana ningekuwa na la kumjibu, maana ulimi ninao. Lakini mtu aliyenyamaza utamjibu nini? Nilikuwa napanga misumari iliyokwisha kupangwa, nampita mlangoni nikienda nisikokujua, narudi, namkuta pale pale.

Siku ya kumi nikashindwa. Nikamwambia kwamba yule mnyama atakufa wiki hii, mimi mwenyewe nitamuua, arudi nyumbani akapumzike. Akaniuliza kama yeye na wanawake wenzake watasikia bunduki. Nikamwambia hapana, tutatumia chombo cha kuzima mlio, lakini tutawatuma watu wawape habari.

"Divin alikufa bila hata kulia," akasema. "Mi nimechoka na mambo ya kimya."

Akaondoka, na siku hiyo hakuirudisha ndoo.

Amri ya kimya haikuwa yangu. Ilikuwa ya mkuu wetu, Népomuscène, anayekaa juu Kiriri na kuuona mji mzima kutoka barazani kwake. Simpendi sana, lakini kwa hilo simlaumu. Katika mji huu bunduki ikilia asubuhi, watu hawaulizi imepiga nini. Wanasimama walipo na kusikiliza. Ikilia moja peke yake, wanangoja kidogo, halafu kila mtu anaendelea na shughuli zake. Nyingine ikijibu, ndipo milango inafungwa, watoto wanavutwa ndani, na lile furushi la vyeti na nguo linatolewa chini ya kitanda.

Hilo mama amelijua kwa gharama kubwa. Mwaka ule wa vurugu, tukiwa nyumbani kwetu Nyakabiga, ilisikika moja. Mama akamwambia baba asubiri kwanza. Baba akasema ni moja tu, akatoka kufunga lango. Ile ya pili ikamkuta ameshika komeo. Tangu siku ile Bi Miza, mama yangu, hata tairi la lori likipasuka, huingia kwenye korido katikati ya nyumba, mahali pasipo na dirisha, akakaa sakafuni na furushi lake mapajani. Anasubiri ya pili. Wakati mwingine anasubiri mpaka magharibi.

Kwa hiyo ofisi iliponipa kazi hii nilimwahidi kwamba hatasikia kitu. Nilimshika mkono, nikaapa. Nikawa na ahadi mbili, moja kwa mjane na moja kwa mama, na nilidhani zinakaa chungu kimoja bila shida.

Sasa niseme habari ya hicho chombo. Wafaransa wanakiita silansyé, sisi ofisini tunakiita bomba, na bomba ndilo umbo lake. Linafungwa kwa kuzungushwa kwenye meno yaliyo mdomoni mwa mtutu. Halinyamazishi bunduki kabisa, hizo ni hadithi za sinema. Linaupunguza mlio mpaka mtu aliye mbali adhani mlango wa gari umefungwa kwa hasira. Tatizo ni kwamba mtutu ukiongezewa uzito mdomoni hautetemeki tena kama ulivyozoea, na risasi haiendi tena pale ilipokuwa ikienda. Kwa mita mia moja tofauti ni ndogo, unaweza kujidanganya kwamba ni mkono wako. Kwa mita mia mbili na zaidi hujidanganyi.

Mwenzangu kazini ni Fabiola, binti wa Mutanga Sud, mtu wa daftari. Yeye anashika darubini kubwa, anapima umbali na upepo, na kuandika kila risasi ilipotua. Tulikwenda naye uwanja wa jeshi tukapiga karatasi kwa mita mia mbili na ishirini. Bila bomba, risasi zangu zilikaa katikati, kama zinavyokaa miaka yote. Tulipofunga bomba zikashuka vidole vinne na kuvutwa kushoto vidole viwili. Lakini zilishuka zote pamoja, na matundu yalikuwa yamekaribiana kuliko ya kwanza. Fabiola akafurahi. Alisema kosa linalorudi pale pale si kosa, ni anwani. Tukageuza vifundo vya darubini ya bunduki, risasi zikapanda katikati, naye akaandika hesabu mbili katika kurasa mbili, moja ya bomba na moja ya mtutu mtupu, ambayo tunaiita sifuri.

Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini ofisi yetu ina desturi moja, nayo imetokana na historia yetu, siicheki. Bunduki na bomba havilali chumba kimoja. Mtu mwenye vyote viwili chini ya paa moja, katika mji huu, watu watamwogopa, na watakuwa na haki. Basi bunduki hubaki kwenye sanduku la ofisi, bomba hupanda Kiriri ndani ya gari la Népomuscène na kulala kwenye kabati lake la chuma. Kila asubuhi linashuka, linatiwa saini, linafungwa. Kila jioni linafunguliwa, linatiwa saini, linapanda. Na yule dume alitusumbua wiki mbili. Mara ukungu, mara amejificha kwenye matete, mara yuko na jike na mtoto. Funga, fungua, funga, fungua, mpaka yale meno yakaanza kulegea. Ijumaa bomba lilikuwa linacheza ukilitikisa.

Mtu mwenye subira angeandika ripoti. Mimi nimezaliwa katika kenkayeri. Nilimwangalia Nsimire, aliyekuwa amerudi kwenye ndoo yake, nikaingia nyuma ya kaunta, nikachukua utepe mweupe wa teflon, ule unaozungushwa kwenye koki isivuje maji. Kwetu hakuna kitu kinacholegea ambacho teflon haikitulizi. Jumamosi alfajiri, mbele ya Fabiola, niliuzungusha mara tatu kwenye meno, nikafunga bomba juu yake. Likakaa imara. Nilijiona fundi.

Fabiola alilitazama. Akaniambia bomba limebadilika, daftari lake halilijui hili, turudi uwanjani tupige karatasi upya. Nikamwambia ruhusa ya uwanja haipatikani kabla ya Jumatatu. Akasema basi tungoje Jumatatu. Jumatatu! Nilihisi miguu inataka kutembea bila mimi. Nikamwambia utepe ni mwembamba kuliko karatasi ya sigara, utabadilisha nini, na kwamba mimi nimefunga mabomba tangu sijaota ndevu. Fabiola akaandika kitu daftarini, akalifunga. Sikio la kufa halisikii dawa, na asubuhi hiyo sikio hilo lilikuwa langu.

Tulipanda juu ya paa la ghala la zamani la samaki. Jua lilikuwa limeshapanda na ziwa limetulia. Dume alikuwa nje ya maji, kwenye ulimi wa mchanga, amegeuza ubavu, kichwa wazi. Mita mia mbili na kumi na tano, upepo hakuna. Wiki mbili nilikuwa naomba picha kama ile. Kulia kwake, kama mita themanini, ilianza kamba ya bustani, na nyuma ya kamba walisimama wanawake saba au wanane. Tuliwakataza kuja. Nsimire alikuwa mbele yao, nilimtambua kwa kitenge chake cha buluu.

Nikalenga kati ya jicho na sikio. Nikashusha pumzi. Nikapiga.

Mlango wa gari ukafungwa. Mji haukusikia kitu. Dume akainua kichwa, akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza, na nikaona damu kwenye taya, chini kabisa, kiganja kizima kutoka pale nilipolenga, tena upande wa kulia. Si anwani yetu kabisa. Utepe ulikuwa umelikalisha bomba kombo kidogo, unene wa unywele, na unywele mdomoni mwa mtutu ni kiganja ukifika mchangani. Kiboko aliyepigwa vizuri hufa papo hapo. Aliyepigwa vibaya ni balaa linalotembea.

Alizunguka mara moja, mara mbili, kama anatafuta aliyemuuma. Nyuma yake kulikuwa na maji. Hakuyachagua maji. Akageukia bustani.

Wanawake wakaanza kukimbia, ila Nsimire hakukimbia. Alisimama vile vile, mikono chini, anamtazama.

Nikajaza risasi ya pili na kuweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Kisha nikakwama. Ningelenga wapi? Ile ya kwanza ilikwenda kulia na chini. Hii ingekwenda wapi, wakati utepe umeshatikiswa na kusogea? Kulikuwa na njia moja tu ya kujua risasi yangu itatua wapi, na Fabiola aliijua kabla yangu.

"Toa bomba," akasema. "Mtutu mtupu unaujua. Rudisha kwenye sifuri."

Mkono wangu ulifika kwenye bomba ukasimama. Nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna maana ya kusimulia nusu. Sikumfikiria Népomuscène wala kazi yangu. Nilimwona mama yuko uani anachagua mchele. Nilijua atakavyouacha ungo. Nilijua atakavyotembea, mkono mmoja ukutani, mpaka kwenye korido. Nilimwahidi, na nilikuwa karibu kuivunja ahadi kwa sababu ya kipande cha utepe nilichokizungusha kwa vidole vyangu mwenyewe.

Dume alikuwa ameanza kutembea. Nsimire bado amesimama.

Bomba lilitoka kwa mizunguko minne, vuguvugu, na utepe ukaning'inia kama uzi wa nguo iliyochanika. Nikalitupa juu ya bati. Fabiola akageuza vifundo. Mita mia na tisini na nane, akasema. Nikapiga.

Ule mlio uliondoka pale, ukaenda juu ya maji, ukagonga vilima vya Kiriri, ukarudi juu ya mji mzima. Dume alipiga magoti ya mbele, akalala, hakutikisika tena. Ile ilikuwa risasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sitaki mtu anipongeze.

Tulishuka. Nsimire alikuwa tayari amevuka kamba na kumfikia mnyama. Aliweka mkono juu ya lile bega la kijivu, akauondoa, akaupangusa kwenye kitenge. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile ya kwanza, lakini yeye hakujua habari ya teflon.

"Nimesikia," akasema.

Simu yangu ikaanza kutetemeka. Népomuscène, kutoka Kiriri. Alisema maduka ya katikati ya mji yanafungwa, wazazi wamekwenda shuleni kuchukua watoto waliokuwa kwenye masomo ya Jumamosi, na nisubiri hapo hapo nikiwa na bunduki na bomba mpaka afike, nitaandika maelezo. Nikampa Fabiola bunduki, nikampa bomba, nikampa simu ikiwa bado inaongea. Nikamwambia aandike daftarini kila kitu, na utepe pia. Akasema ameshaandika tangu asubuhi.

Kisha nikakimbia kwenda nyumbani. Mafuta ya gari hayakuwepo mjini wiki ile, na hata yangekuwepo, nani angenipakia? Nilikimbia kwa miguu, na njiani nikakutana na kazi yangu. Wauza nyanya walikuwa wanamwaga mabeseni ndani ya magunia bila kuchagua. Kinyozi alikuwa anafunga kibanda chake huku mteja amenyolewa upande mmoja. Karibu na daraja mzee mmoja mwenye baiskeli alinishika shati, akanizuia.

"Usirudi kule, kijana. Kule kandokando ya ziwa wanapigana."

Nikamwambia hakuna anayepigana, ni mimi, nimeua kiboko. Alinitazama usoni, akanitazama mikono, akaniachia shati kwa huruma. Aliona nimeshachanganyikiwa. Akageuza baiskeli, akaenda kuwaonya wengine.

Nyakabiga ilikuwa kimya kama Ijumaa wakati wa hotuba. Lango letu lilikuwa limefungwa kwa ndani, ikabidi nipande ukuta. Uani ungo ulikuwa chini, mchele umetawanyika, na kuku wa jirani walikuwa tayari wamealikana. Nilipita jikoni, nikaingia kwenye korido.

Bi Miza alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viatu miguuni, furushi mapajani. Pembeni yake aliweka viatu vyangu vya zamani, vya ujana, ambavyo sikujua kama bado anavyo. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini haikuzunguka. Alikuwa anasikiliza.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza mnyama, bomba, utepe, Fabiola na daftari lake, yule mama kwenye kamba, vyote kwa mkupuo mmoja, jasho likinidondoka kwenye viatu vyake. Nikamwambia kwamba ilikuwa moja tu, yangu, imekwisha, hakuna vita, anaweza kuinuka. Nilimwambia anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanigusa shavu upande ule ninaouwekea bunduki, pale pana alama.

"Walikujibu?"

"Nani atanijibu, mama? Nilipiga kiboko."

"Ee, mi nimeelewa. Na we unajua, na yule dada wa daftari anajua." Alivuta furushi karibu na tumbo. "Lakini yule mutu mwenye bunduki chini ya kitanda, mwenye hajui habari ya kiboko, naye amesikia. Yeye umemwambia?"

Nje mbwa alibweka mara moja akanyamaza, na sote wawili tukainua vichwa.

"Ikala hapa na mi," akasema mama. "Tungoje mpaka ya pili isilie."

Akavisogeza vile viatu vya zamani ili nipate nafasi. Nikakaa sakafuni, bega langu kwenye bega lake, nikanyoosha miguu mpaka ukuta wa pili. Sikuinuka kutazama dirishani wala sikuomba chai. Adhuhuri ikaadhiniwa tukaswali pale pale, tukakaa tena. Saa kumi Sumaya alirudi kutoka dukani, akapanda ukuta kama mimi, akatukuta hivyo, akaniuliza tangu saa ngapi nimekaa pale. Mama akamwashiria anyamaze, maana alikuwa bado anasikiliza, na mimi pia.